Maswali yenu: Silikoni iliyotiwa marinda

Baada ya kugusia hapa vifaa vya kielektroniki vinavyobandikwa mwilini kama plasta, maswali yamekuja mengi. Haya ni baadhi yake, mengine nimeyafupisha.

Fundi simu, Tanga: Kila siku nashika fleksi, ule utepe wa kahawia unaounganisha kioo na bodi. Unakunjika, sawa, lakini ukiuvuta unakatika. Chipu ndiyo kabisa, inapasuka kama kigae. Hivyo vinavyovutika vimetengenezwa kwa nini?

Vingi ni kwa silikoni ileile ya chipu zako, fundi. Kukunjika ni suala la wembamba. Ukikunja kitu, upande wa nje unavutwa, na kadiri kilivyo kinene ndivyo unavyovutwa zaidi. Silikoni hupasuka ikivutwa kama asilimia 1 hivi. Bamba la nusu milimita ukilizungushia kidole limekwisha. Lipunguze hadi nanomita 100, yaani sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, linakunjika bila shida.

Kuvutika ndiko kulikotaka ujanja, na ujanja wenyewe fundi cherehani wa mtaani kwako anaujua. Mtazame akitia lastiki kiunoni mwa sketi: anaivuta, anaishonea kitambaa ikiwa imevutika hivyohivyo, kisha anaiachia. Kitambaa kinajikusanya marinda. Chenyewe hakivutiki hata kidogo, ila kiuno kinavutika kwa kuwa marinda yanafunguka. Mwaka 2006 kundi la John Rogers, wakati huo Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, lilivuta kipande cha mpira, likabandika juu yake vipande vyembamba vya silikoni, likakiachia. Silikoni ikajikunja mawimbi. Nyaya nazo siku hizi huchorwa zikipinda kama nyoka, kwa sababu hiyohiyo.

Wengine, kama Zhenan Bao wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wanatengeneza plastiki zinazopitisha umeme na kuvutika zenyewe. Ni kazi kubwa, lakini mimi roho yangu iko kwa watu wa marinda.

Muuguzi wa wodi ya watoto njiti, Mwanza: Ni kweli kuna vipimo visivyo na waya kwa njiti?

Ni kweli, na kwangu mimi hapo ndipo teknolojia hii ina maana kuliko kuhesabu hatua za watu wazima wenye afya zao. Unaijua hali kuliko mimi: mtoto wa kilo moja, elektrodi kifuani, kipimo cha oksijeni mguuni, waya kila upande. Mama akitaka kumweka kifuani ngozi kwa ngozi, kwanza waya zipangwe. Plasta nayo ikibanduliwa huweza kuondoka na ngozi ambayo haijakomaa.

Mwaka 2019 Rogers na wenzake, sasa wakiwa Chuo Kikuu cha Northwestern jirani na Chicago, walionyesha vibandiko viwili laini: cha kifuani kinasoma umeme wa moyo, cha mguuni kinasoma oksijeni. Toleo lile halikuwa na betri. Umeme ulitoka kwenye antena iliyolazwa chini ya godoro, kwa njia ileile ya kadi ya benki unayoigusisha tu kwenye mashine. Na kwa kuwa kibandiko ni chembamba na kinafuata mikunjo ya mwili, hakihitaji gundi kali. Matoleo ya baadaye, yenye betri, yamejaribiwa pia kwa watoto wachanga katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi.

Kikifika wodini kwako, uliza kwanza gundi za kubadilisha zitatoka wapi mradi ukiisha.

Mkimbiaji, Arusha: Nimeona tangazo la saa inayopima sukari bila kuchoma. Mama ana kisukari, nimnunulie?

Usinunue. Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Vibandiko vya kweli vya kisukari vina uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi. Wewe mkimbiaji unaweza kunufaika na vile vya jasho, vinavyokadiria maji na chumvi unayopoteza. Mama abaki na glukomita yake, ile mashine ya kupima tone la damu, na umpe shikamoo yangu.

Mwanafunzi, Dodoma: Ngozi nyeusi inaharibu vipimo?

Vya mwanga, ndiyo, huweza. Oksijeni hupimwa kwa kupitisha mwanga kwenye ngozi, na melanini, rangi ya asili inayoifanya ngozi iwe nyeusi, hufyonza sehemu yake. Desemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha hesabu za wagonjwa ambao mashine iliwasomea oksijeni ya asilimia 92 hadi 96. Damu ilipopimwa, asilimia 11.7 ya weusi walikuwa chini ya 88, weupe 3.6. Kibandiko kuwa laini hakuliondoi hilo, maana mwanga ni uleule. Umeme wa moyo haujali rangi.

Msomaji, Mombasa: Na betri, nayo inavutika?

Maabarani zipo betri zinazovutika. Kwenye vifaa vingi vinavyouzwa bado ni kidonge kigumu, na tatizo huanzia pale kigumu kinapokutana na laini. Baadhi ya watafiti hupitisha kwenye mpira mchanganyiko wa galiamu na indiamu, metali ambayo ni maji tayari kwenye nyuzi joto 16, ili waya isiwe na cha kukatika. Lakini maji hayo lazima yaishie kwenye chipu ngumu mahali fulani. Muulize fundi wetu wa Tanga: fleksi mara nyingi haifi katikati, hufia shingoni, pale inapoingia kwenye soketi.