Taigafishi wa Kilombero: nailoni nene haisaidii, funga waya

Yakhe, simama hapo hapo kabla hujalipa. Umeandika unakwenda mto Kilombero, Morogoro, Septemba kumvua taigafishi, yule mwindaji wa mtoni, na ile fimbo namba 8 unayorushia kolekole Paje. Unauliza rili gani, nzi (kile chambo bandia cha manyoya kwenye ndoana) wa rangi gani, halafu mwishoni kabisa, kama jambo dogo: "nailoni ya ratili 80 itatosha, si samaki wa maji baridi tu?" Haitoshi! Maji ndiyo baridi, meno je?

Mwambie mtu wa Nungwi anayerambaza nguru ashushe ndoana bila waya, uone atakavyokucheka. Nguru tunamheshimu, lakini tukipanda boti ya Dar akili tunaiacha bandarini Malindi. Taigafishi akifunga mdomo, meno ya juu yanaingia kwenye mapengo ya chini, na nailoni iliyokazwa haiulizwi unene wake. Samaki anaondoka na hereni uliyoilipia wewe.

Najua uliyaokota wapi maneno hayo, maana nami niliuziwa hayo hayo: "samaki anauona waya, nailoni haioni." Taigafishi akishaamua kupiga hana nafasi ya kukagua waya. Muuzaji yule samaki wa mtoni kamjulia kwenye sufuria, na mimi niliyemwamini sijui nijiite nani.

Ila usichukue waya wa nguru. Ni mnene, unamzamisha nzi kichwa mbele na kurusha kunakuwa adhabu. Tafuta waya wa uzi mmoja, unene milimita 0.30 hadi 0.33. Ukishafungwa kati ya nzi na nailoni, ubaki sentimita 30. Ukiwa chini ya 20, akimeza sana meno yanaikuta nailoni. Ule wa nyuzi nyingi uliovikwa plastiki ni rahisi kufunga, lakini samaki mmoja wawili tu plastiki imechubuka na nyuzi zinachomoza.

Kusokota ndiko kunakowashinda watu. Pitisha waya kwenye tundu la ndoana, acha ncha ya sentimita 8. Bana kitanzi kwa koleo, kiwe na nafasi kidogo nzi apate kucheza. Sasa sokota pande zote mbili kwa pamoja, kila mmoja uuzunguke mwenzake kama unasuka kamba, mara 4. Wengi wanauacha mmoja umenyooka na mwingine unauzunguka. Unapendeza machoni, samaki akivuta unateleza wote. Baada ya hapo ncha uizungushe kwenye waya mkuu, imesimama wima, mizunguko 5 iliyobanana. Usiikate kwa koleo, kisiki kitakuchana vidole. Ipinde kama mpini wa kuzungushia, izungushe mpaka ikatike yenyewe.

Upande wa pili sokota vivyo hivyo kwenye pete ndogo ya chuma, kisha funga nailoni ya ratili 20, mita moja na nusu. Nailoni lazima iwe dhaifu kuliko waya, ukinasa kwenye gogo ikatike hapo, si kwenye ile kamba ya kurushia yenye bei ya mbuzi.

Kila ukitoa samaki, pitisha vidole kwenye waya. Ukigusa mkunjo, tupa. Usiunyooshe, utakatika pale pale.

Nzi awe na umbo la samaki mdogo, ndoana 2/0, kali kiasi cha kukwama kwenye ukucha, kwa sababu mdomo wa taigafishi ni mfupa. Akipiga, vuta kamba kwa mkono na fimbo ibaki chini imemwelekea. Ukiinyanyua, ndoana haichomi, anaitema.

Ulisema rili? Iliyopo. Vipande 20 vya waya visokote nyumbani, umekaa barazani mkono mkavu. Kwenye mtumbwi unaoyumba, jasho linakuingia machoni na viboko wanakoroma pembeni, hizo mara 4 hutazihesabu.