Ushawahi kushikwa na polisi na unaomba visa ya kusoma? Soma hii kwanza

Wadogo zangu wa Malindi mliopata admisheni hongereni sana, sasa naomba dakika mbili tu manake kuna swali kwenye fomu ya visa ambalo watu wa huku wanaliruka kama dimbwi la maji.

Mie nilishikwa mwezi wa 4 mwaka 2020, kafyu ya korona bado mbichi, saa moja jioni kila mtu awe ndani, na mie ndo natoka Watamu na boda nimechelewa, kufika Gede tukakuta kizuizi. Nikalala seli, kesho yake kortini, nikalipa faini elfu mbili nikaenda zangu. Mamangu hadi leo anajua nililala kwa rafiki.

Miaka ikapita, nikaanza kujaza DS-160, ile fomu ya visa ya Marekani. Jamaa wa saiba aliyekuwa ananijazia alipofika pale kwenye swali la kukamatwa akaniambia weka hapana bwana, kafyu nayo ni kosa? Watajulia wapi? Karibu nimkubalie wallahi. Lakini lile swali nikalisoma mwenyewe pole pole, haliulizi kama ulifungwa, linauliza kama umewahi KUKAMATWA au kuhukumiwa kwa kosa lolote, hata kama ulisamehewa. Mie nilikamatwa, basi.

Hapa ndo wengi huteleza, mtu ana cheti chake cha maadili mema cha DCI (idara ya upelelezi), kalipia 1,050 kwenye eCitizen, mtandao wa serikali, kapigwa alama za vidole, kimerudi safi, akaona mambo yameisha. Cheti ni kitu kimoja na swali la fomu ni kitu kingine. Na kila nchi inauliza kivyake, usinakili majibu ya binamu yako aliyeenda Kanada.

Kosa dogo la faini mara nyingi halizuii visa. Bangi na wizi hizo ni habari nyengine, hapo tafuta wakili kabla ya kujaza chochote. Lakini uongo ukigundulika, Kanada wanakufungia miaka 5, Uingereza inaweza kufika 10, Marekani waweza kufungiwa maisha. Na jamaa wa saiba hatakuwepo, jina lililo kwenye fomu ni lako.

Nikaweka ndiyo, kwenye maelezo nikaandika mistari mitatu tu: tarehe, kosa, faini imelipwa. Nisijitetee, nisimlaumu mtu. Halafu nikaenda kortini kuomba nakala ya hukumu yenye muhuri na risiti ya faini, na hili anzeni mapema jamani, faili la zamani mtu huambiwa njoo kesho mpaka viatu viishe.

Siku ya intavyuu kule ubalozi wa Marekani, Gigiri, Nairobi, yule ofisa akasoma, akauliza kafyu ilikuwa saa ngapi, nikamjibu, akaiangalia ile karatasi ya korti sekunde chache akanirudishia. Maswali yote yaliyobaki yalikuwa nani atanilipia karo.