Tafuta Mtani Mmoja wa Twilight Struggle, Mshikilie

Anayetaka kuanza kucheza mchezo wa ubao wa Twilight Struggle mtandaoni nampa ushauri huu kabla ya mwingine wowote: tafuta mtu mmoja unayemfahamu, mnayetaniana, kisha mcheze naye mwaka mzima. Wale wageni mnaopangiwa na programu waache kwanza. Mgeni akikufunga anaondoka na siri yake. Mtani akikufunga atakupigia simu usiku huohuo akusimulie hatua kwa hatua alivyokumaliza, na humo ndimo utakapojifunza.

Mtani wangu ni shemeji, kaka wa mke wangu, anafanya kazi ya zamu Muscat. Mimi niko Dar. Saa zetu zinapishana moja tu lakini ratiba hazikutani kabisa. Yeye akitoka kazini mimi ndiyo kwanza nagombania daladala. Mchezo huu hautaki mkae pamoja. Unacheza hatua yako, unaweka simu mfukoni, mwenzako analetewa taarifa kuwa zamu ni yake, anacheza akipata nafasi. Mechi moja inaweza kuchukua wiki kadhaa, na huo mwendo wa polepole ndio ninaoutetea hapa.

Kwa wasioujua: ni mchezo wa ubao wa watu wawili kuhusu Vita Baridi, mmoja Marekani, mwingine Sovieti. Waliutunga Ananda Gupta na Jason Matthews, GMT Games wakauchapisha mwaka 2005, na toleo la kidijitali la Playdek likatoka 2016. Ubao ni ramani ya dunia. Kuna duru 10, na kila duru unagawiwa karata: 8 mwanzoni, 9 kuanzia duru ya nne. Ukitumia pointi za karata unaongeza ushawishi kwenye nchi au unafanya mapinduzi, yaani unarusha dadu kuuondoa ushawishi wa mpinzani. Alama zinavutwa huku na huku kama kamba; wa kwanza kufika 20 upande wake ameshinda.

Utamu na uchungu wote uko kwenye sharti moja. Kila karata ina pointi na ina tukio. Tukio likiwa la mpinzani wako, ukitumia pointi zake tukio linatokea vilevile, kwa faida yake. Kwa hiyo karata kadhaa ulizoshika ni silaha za adui, na wewe ndiye unayelazimika kuzifyatua. Kwenye bao la kete unaona kila kete ilipo na hasara yako unaiona ikija. Hapa hasara umeishika mkononi tangu mwanzo wa duru, na kazi yako ni kuchagua siku ya kuipokea.

Ndiyo maana nasema usitupe karata ya kwanza kabla hujazipanga zote. Mimi nina daftari. Karata mpya zikifika naziandika kwa mstari: ipi ya kufungulia duru, ipi ya raundi ya kwanza (kila duru ina raundi kadhaa, karata moja kila raundi), ipi ya kupeleka kwenye mbio za anga, ambako karata inatupwa bila tukio lake kutokea, ipi ya kubakiza kwa duru ijayo. Kwa mchezo wa kupokezana daftari si hiari. Unacheza Jumatatu asubuhi, mwenzako anajibu Jumatano usiku, na katikati hapo umeshughulika na kodi ya nyumba, homa ya mtoto na bosi. Ukirudi kwenye simu utakuta karata zako na ramani, lakini sababu ya kuweka ushawishi Kameruni imeshapotea kichwani. Andika sababu, usiandike hatua peke yake.

Hasa andika kuhusu DEFCON. Hiki ndicho kipimo cha hatari ya nyuklia, kinaanzia 5 na kinashuka. Kikifika 1 dunia imeteketea, na anayehesabiwa kuwa ameshindwa ni yule ambaye zamu ilikuwa yake, hata kama aliyesababisha ni mwenzake. Mapinduzi kwenye nchi muhimu za mapambano, zile zenye uzito zaidi wakati wa kuhesabu alama, yanakishusha kwa moja. Kikiwa 4, mapinduzi Ulaya yamefungwa. 3, Asia nayo imefungwa. 2, Mashariki ya Kati pia. Kila duru mpya kinapanda moja. Mechi nyingi kati ya watu wanaojua kucheza zinakaa kwenye 2 karibu muda wote, yaani hatua moja kutoka maangamizi.

Sasa tazama hatari ilipo. Wewe ni Sovieti, DEFCON iko 2, umeshika CIA Created. Ni karata ndogo ya pointi 1, unaweza kuidharau. Ukiicheza, Marekani anaonyeshwa karata zako zote kisha anaruhusiwa kutumia pointi moja. Anachagua nchi muhimu ya Afrika au Amerika ya Kusini yenye ushawishi wako, anafanya mapinduzi, DEFCON inashuka hadi 1, na kwa kuwa zamu ni yako, umepoteza mechi nzima. Upande wa Marekani karata ya namna hiyohiyo ni Lone Gunman. Zote mbili huwezi kuzitupa kwenye mbio za anga, kwa sababu huko hakupokelewi karata chini ya pointi 2.

Katika mechi yetu moja, nikiwa Sovieti, duru ya tano iliniletea CIA Created pamoja na Duck and Cover, ambayo tukio lake linashusha DEFCON hatua moja papo hapo. Nilikuwa foleni ya benki. Nilifunga simu, nikasubiri hadi jioni, nikakaa na daftari. Karata 9: moja ya kufungulia duru, saba za raundi saba, inabaki moja. Duck and Cover ina pointi 3, hiyo ikaenda anga na tukio lake likazimika. CIA Created ikawa ndiyo ya kubakiza. Lakini karata za kuhesabu alama, zile zinazotoa alama za eneo fulani, haziruhusiwi kubakizwa, na nilikuwa nayo moja ya Afrika, kwa hiyo ilibidi iingie kati bila kuvuruga mpangilio. Shemeji alikuwa ananiandikia, "Shem, mbona umenyamaza, Angola imekushinda?" Nikamjibu salamu za dada yake tu. Duru ya sita ilipofunguka DEFCON ilikuwa imepanda hadi 3, nikaicheza CIA Created raundi ya kwanza kabisa. Alifanya mapinduzi yake, kipimo kikashuka hadi 2, nikabaki hai. Gharama ilikuwepo, maana raundi ya kwanza ndiyo Sovieti anayoitumia kufanya mapinduzi yake mwenyewe. Ni gharama ya kulipa bila kusita.

Afrika nayo naomba niikalie kidogo, kwa sababu wachezaji wengi wanaiona kama eneo la kumalizia pointi zilizobaki. Nchi muhimu za mapambano ni tano: Algeria, Nigeria, Zaire, Angola na Afrika Kusini. Zaire, Angola na Nigeria zina uthabiti wa 1, yaani ndizo rahisi zaidi kupinduliwa. Maana yake, mapinduzi kwa karata ya pointi 3 hayashindwi hata dadu ikianguka moja. Kwa hiyo kuweka ushawishi pale DEFCON ikiwa 3 ni kumwachia mwenzako mlango wazi. Subiri ishuke hadi 2, hapo hakuna mwenye akili atakayethubutu kupindua nchi muhimu, kisha ingia. Mpakani mwa Zaire kuna Kameruni, Angola na Zimbabwe. Jenga mojawapo mapema ili uwe na njia. Duru ijayo kipimo kitapanda naye atapindua moja, ni kweli, lakini atapindua moja tu. Ukiwa na tatu, mbili zimebaki kwako. Kenya si nchi muhimu kwenye ubao huu, na kwa sababu hiyo inafaa sana: mapinduzi pale hayagusi DEFCON, na bila nchi isiyo muhimu walau moja huwezi kuhesabiwa kuwa unatawala bara hata ukiwa na nchi muhimu nyingi zaidi ya mwenzako.

Naandika "kupindua Zaire" na moyo unashtuka kila mara. Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961. Mobutu akashika nchi Novemba 1965. Mchezo unatazama dunia kwa macho ya Washington na Moscow, na Tanzania haina hata kisanduku chake. Kuna karata iitwayo Portuguese Empire Crumbles inayompa Sovieti ushawishi Angola na kwenye nchi za kusini mashariki mwa Afrika, kana kwamba ufalme wa Wareno uliporomoka wenyewe. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilianzishwa hapahapa Dar es Salaam mwaka 1962, na Kamati ya Ukombozi ya OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, ilikuwa na makao yake hapa tangu 1963. Wapiganaji walipiga kambi Kongwa. Mimi na shemeji karata hiyo ikitokea huwa tunasimama kidogo, mmoja anatuma picha ya zamani au kisa alichosikia kwa wazee. Nakushauri ufanye hivyo na mtani wako. Mchezo unaeleza vizuri hofu za wakubwa. Habari za waliokuwa chini ya hofu hizo tuongezeane wenyewe.

Kuhusu kumsoma mtani. Kadiri mnavyocheza ndivyo karata zake zinavyoanza kuonekana bila kufunuliwa. Mtu anayemwaga ushawishi ghafla kwenye eneo lililokuwa limetulia mara nyingi ameshika karata ya kuhesabu alama za eneo hilo. Shemeji akiwa Sovieti hapendi kukosa mapinduzi ya Iran mwanzoni, basi nami najipanga upya Mashariki ya Kati kabla ya kufikiria kingine. Naye ananijua: ameshagundua kwamba nikiwa na karata mbaya natuma jumbe fupi, kwa hiyo sasa namwandikia ndefu kila siku.

Mkubaliane mambo machache mapema. Pande mbadilishane kila mechi. Anayechukua Marekani aongezewe pointi mbili za ushawishi mwanzoni, maana Sovieti ana nguvu zaidi duru za kwanza, na nyongeza hiyo imezoeleka kwenye mashindano. Kuchelewa kusiwe kosa, ila mtu akisafiri aseme. Na utani uishie kwenye ramani. Dadu zikimgeuka mwenzako mara tatu mfululizo, mwache apumue kabla ya kumtania.

Usicheze hatua ukiwa na usingizi. Ukishathibitisha, hakuna kurudi.

Mechi ikiisha pigianeni simu mkiwa mmefungua kumbukumbu ya mchezo, mrudi hadi pale mizani ilipogeuka. Mara nyingi si pale mlipodhani. Tuliwahi kubishana saa nzima kuhusu Korea Kusini, kumbe mechi iliamuliwa duru mbili nyuma, shemeji alipoicheza Decolonization na kuweka kete zake nne Afrika na Kusini Mashariki mwa Asia, mimi nikazipuuza.

Kwa mechi ya kwanza kabisa, chezeni mkiwa kwenye simu, karata zote wazi, kila mmoja akimsomea mwenzake alizonazo. Mwanafunzi achukue Sovieti, kwa sababu upande huo unaanza kwa kushambulia na makosa ya mwanzo yanavumilika. Ishieni duru ya tatu, kabla karata za katikati ya vita hazijachanganywa, halafu anzeni upya siku inayofuata zikiwa zimefichwa.