Cuba: mkulima mdogo alipata hati, kibarua wa miwa akapata mshahara

Kuna wanaosema mapinduzi ya Cuba ya 1959, yale ya Fidel Castro, yalimnyang'anya kila mkulima shamba. Hapana ndugu, si kweli, wadogo wengi ndo kwanza walipata hati ya ardhi. Sheria ya ardhi ya Mei 1959 iliweka kikomo cha hekta 402 hivi kwa mmiliki, na wale waliokuwa wanakodi shamba au kugawana mavuno na mwenye shamba wakapewa bure mpaka hekta 27, yani hofu ya kufukuzwa ikaisha. Waliopoteza ni matajiri na kampuni za miwa za Marekani, halafu Oktoba 1963 kikomo kikashuka hadi hekta 67, hapo hata wakulima wa kati wakaguswa.

Vibarua wa miwa ndo stori nyingine kabisa na watu wanaisahau sana, wao wengi hawakupata kipande cha ardhi, mashamba makubwa yakaishia kuwa ya serikali na wao wakawa waajiriwa humo. Lakini usidharau hilo, maana kabla walikuwa wanafanya kazi miezi michache ya mavuno tu, iliyobaki ni njaa na madeni dukani, sasa wakawa na mshahara mwaka mzima. Na 1961 vijana wa mjini walipelekwa vijijini kufundisha kusoma, watu kama laki saba wakajua kusoma.

Ila hati haikumaanisha uhuru wote: ardhi hukuweza kumuuzia umtakaye, na mazao mengi uliiuzia serikali kwa bei iliyopanga yenyewe.