Ningepanda mti wa brashi, na kichwa chake nisingekigusa

Mmeuliza wiki hii: "Ukiwa na uwanja mdogo na nafasi ya mti mmoja tu, utapanda mti gani?" Mimi jibu langu lina miaka tisa sasa, limesimama mbele ya dirisha langu hapa Jinja. Ni ule mti wa maua mekundu yanayofanana na brashi ya kuoshea chupa, ile aina ambayo matawi yake huinama mpaka karibu kugusa nyasi. Jina lake la kitaalamu ni Callistemon viminalis. Kwao ni mashariki ya Australia, kandokando ya mito, ndiyo maana udongo ukilowa chepechepe mwezi wa Aprili hausumbuki, na mizizi ikishashika huvumilia jua la Januari.

Mche niliupata kwa kukata kijitawi cha mti wa jirani, nami nawasihi mfanye vivyo hivyo. Mbegu zake, laini kama vumbi, huota vizuri, lakini mti wa mbegu si lazima uiname kama mama yake. Nilipanda mvua za Machi zilipoanza, mita tatu kutoka ukutani, kwa samadi iliyooza. Nyasi kavu za kufunika udongo niliziweka mbali na shina, maana mchwa hawana huruma.

Mwaka wa nne kijana niliyemwita kufyeka nyasi aliusawazisha mti juu kama ua wa michongoma. Niliumia sana. Matawi manene yaliyobaki uchi yalikawia kuchipua, na msimu mzima sikuona ua. Hapo ndipo nilipouchunguza kwa makini. Tawi lake haliishii kwenye ua: ncha hupita katikati ya ua na kuendelea kukua, na nyuma hubaki vitunda vigumu kama shanga, vimeng'ang'ania tawi kwa miaka. Basi kata mara tu maua yanaponyauka, nyuma kidogo ya ua, pasipo kuingia kwenye tawi lililozeeka. Ukichelewa, unakata maua ya msimu ujao.

Asubuhi huja ndege aitwaye chozi, mdomo umepinda kama sindano ya mshona magunia, akafyonza ua moja baada ya jingine. Jina la ndege huyo nilifundishwa na mama mkwe, mzaliwa wa Mombasa. Kila akija kututembelea, kiti chake tunakiweka chini ya matawi hayo.