Laptopu kugawa intaneti nyumbani bila ruta

Dada wa Mabatini, Mwanza, umeuliza kama laptopu yenye modemu ya USB inaweza kuzirushia simu za watoto intaneti bila kununua ruta. Inaweza. Kama ni Windows 10 au 11, usipakue programu yoyote. Fungua mipangilio, ingia sehemu ya mtandao, washa hotspoti, chagua modemu iwe chanzo, kisha weka nywila ndefu. Inabeba hadi vifaa 8.

Masafa ya mawimbi ya Wi-Fi ndiyo muhimu. Chagua GHz 2.4, maana hupenya ukuta kuliko 5. Ila jabali halipenyeki, na nyumba nyingi za mlimani huko kwenu zimeegemea mawe, kwa hiyo laptopu ikae sebuleni, mlango ukiwa wazi, si chumba cha nyuma. Modemu nayo isibanwe ukutani. Nunua waya wa USB wa kurefusha uisogeze dirishani, na hapo utaona vistari vya nguvu ya mtandao vinapanda.

Laptopu ikilala, simu zote zinakatika. Zima hali ya kulala inapokuwa kwenye chaji, na usiifunike kitambaa, itachemka. Bando nalo lilinde: sitisha masasisho ya Windows, yanakula GB kimyakimya.