Maswali ya wauguzi: mama akisema jicho la mtoto linang'aa

Mama alimleta mtoto wa mwaka na nusu kwenye chanjo, akasema usiku jicho la kushoto linang'aa kama la paka. Nilimulika kwa tochi, sikuona kitu. Nimwache aende? (Muuguzi wa zahanati)

Sista, usimwache. Mama analiona jicho kwenye mwanga hafifu, mboni ikiwa imetanuka. Wewe ulimulika mchana kweupe, mboni imesinyaa. Funga mapazia, mama ampakate, kaa umbali wa urefu wa mkono, kisha utazame kwa ofthalmoskopu (kifaa cha kumulikia ndani ya jicho) macho yote mawili kwa pamoja. Mboni zinatakiwa kurudisha wekundu unaofanana. Moja ikiwa nyeupe au imefifia, au mtoto akilia hadi usione vizuri, andika rufaa siku hiyohiyo. Neno la mama linatosha kuwa sababu.

Huenda ni mtoto wa jicho, na kwa umri huo hilo nalo halisubiri. Huenda ni retinoblastoma, saratani inayompata takriban mtoto 1 kati ya 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa, karibu wote kabla ya miaka 5. Unaweza kukutana nayo mara moja tu katika utumishi wako wote. Ikigunduliwa ingali ndani ya jicho, watoto wengi hupona. Ikishatoka nje, uhai wenyewe uko hatarini. Kwa hiyo muulize mama kama ana nauli, chukua namba yake ya simu, na baada ya siku tatu mpigie ujue kama alifika.

Na makengeza?

Hayo nayo huweza kuwa dalili ya kwanza. Kabla ya kumwambia mzazi yataisha yenyewe, pima wekundu wa mboni. Retinoblastoma ikithibitishwa, ndugu zake, wakubwa kwa wadogo, wachunguzwe pia, kwani aina fulani ya saratani hii hurithiwa.

Mteja wetu anayetumia ARV ana kinyama jichoni. Tumempa dawa ya matone miezi miwili, kinazidi kukua.

Acheni matone, mpelekeni. Huku kwetu jua kali na VVU vimeifanya saratani ya utando wa juu ya jicho iwapate hata vijana. Huanzia pale weupe wa jicho unapokutana na weusi. Nyama ya kawaida huwa na umbo la pembetatu, hutambaa taratibu kwa miaka. Saratani hii hukua kwa miezi, juu yake pana magamba meupe, na mishipa minene inaifuata. Hata hivyo macho yetu hudanganyika, nami nimeshadanganyika. Kila nyama inayokatwa jichoni iende maabara, isitupwe kwenye ndoo.

Bibi wa miaka 70 ana chokea inayorudi palepale, imekamuliwa mara mbili.

Tazama ukingo wa kope. Kama nywele zimedondoka hapo tu penye uvimbe, shuku saratani ya tezi za mafuta. Isikamuliwe mara ya tatu. Mpe rufaa akatwe kipande kikapimwe.